Mtetemo Usiozimika Upesi: Uhakiki wa Ushahidi wa Makovu ya Kwantumu katika Safu za Atomu za Rydberg

Ikisiri

Mwaka 2017 kundi la watafiti wa Harvard na MIT lilichapisha katika jarida la Nature matokeo ya jaribio lililotumia safu ya atomu 51 za rubidi. Safu hiyo, baada ya kutikiswa ghafla, iliendelea kutetema kwa mizunguko kadhaa badala ya kutulia haraka kama ilivyotarajiwa. Mwaka uliofuata mtetemo huo ulipewa maelezo ya kinadharia na jina la makovu ya kwantumu. Makala haya yanahakiki njia iliyopitwa kutoka kwenye kipimo hadi kwenye jina. Yanadai kwamba nguvu ya ushahidi uliopo haitokani na urefu wa mtetemo, bali inatokana na ulinganishi wa hali mbalimbali za mwanzo zenye nishati sawa. Aidha, yanabainisha kwamba maneno "kutosawazika" na "kusawazika polepole" yamekuwa yakibadilishana nafasi bila ya ruhusa ya data.

1.0 Utangulizi

Kikombe cha chai ya moto kikiachwa mezani hupoa. Hakuna anayeuliza chai hiyo ilichemshiwa kwenye jiko la mkaa au la gesi, kwa kuwa ikishapoa haibaki na kumbukumbu ya jiko. Fizikia ya joto imejengwa juu ya usahaulifu huu: mfumo wenye chembe nyingi husahau hali yake ya mwanzo, na mambo machache tu, kama vile nishati na idadi ya chembe, ndiyo yanayotosha kuueleza. Fizikia ya kwantumu, kwa upande wake, haisahau kitu. Mfumo uliotengwa kabisa na mazingira hubadilika kwa kanuni inayoweza kurudishwa nyuma hatua kwa hatua. Swali la namna usahaulifu wa joto unavyozaliwa ndani ya kanuni isiyosahau ndilo kiini cha utafiti wa mwenendo wa mifumo ya kwantumu iliyo nje ya msawazo.

Jibu linalokubaliwa na wengi lilitolewa na Deutsch (1991) na Srednicki (1994), kisha likafanyiwa majaribio ya kihesabu na Rigol, Dunjko na Olshanii (2008). Kwa mujibu wa nadharia tete hiyo, kila hali tuli ya nishati ya mfumo changamani tayari imebeba sura ya msawazo wa kijoto. Mtu akitazama sehemu ndogo tu ya mfumo ulio katika hali hiyo, ataona kile ambacho angekiona kama mfumo mzima ungekuwa na joto linalolingana na nishati yake. Taarifa za mwanzo hazipotei, bali hujificha katika mfungamano wa kikwantumu baina ya sehemu na sehemu, mahali ambapo vipimo vya kawaida havifiki.

Nadharia tete hii ina watoro wake. Kinoshita, Wenger na Weiss (2006) walionesha kwamba atomu za rubidi zilizobanwa katika mirija myembamba ya mwanga ziliweza kugongana maelfu ya mara bila ya kuonesha dalili ya kusawazika. Mtoro huyo alifahamika: mfumo wa atomu zinazogongana katika mstari mmoja unakaribia kuwa na suluhisho kamili la kihesabu, na una vitu vingi vinavyohifadhiwa kuliko nishati peke yake. Jambo lililofanya jaribio la 2017 livute macho ni kwamba mfumo wake haukuwa na udhuru wa namna hiyo ulio dhahiri. Hivyo basi, ni muhimu kuuliza kwa makini ni nini hasa kilichooneshwa.

2.0 Jaribio na Kilichopimwa

Katika jaribio la Bernien na wenzake (2017), atomu za rubidi zilizopozwa kwa leza zilinaswa katika koleo za mwanga zipatazo 100, moja katika kila koleo. Kwa kuwa unasaji hutegemea bahati na baadhi ya koleo hubaki tupu, picha ilipigwa, kisha koleo zenye atomu zikasogezwa hadi safu isiyo na mapengo ikapatikana. Atomu iliyo katika hali ya chini ya nishati haimjali jirani yake. Lakini ikisisimuliwa hadi hali ya Rydberg, elektroni yake ya nje huzunguka mbali sana na kiini, na atomu mbili za namna hiyo husukumana kwa nguvu inayopungua kwa kipeo cha sita cha umbali. Kwa umbali wa mikromita 5.74, msukumano wa majirani ulikuwa sawa na megahezi 24, ilhali kasi ya leza ya kusisimua ilikuwa megahezi 2. Matokeo yake ni kizuizi: atomu mbili zinazopakana haziwezi kusisimka kwa pamoja.

Kizuizi hiki kinabadilisha hesabu nzima. Atomu 51 zisizo na kizuizi zingekuwa na mipangilio 2 kwa kipeo cha 51, yaani zaidi ya trilioni 2,000. Kizuizi kikizingatiwa, mipangilio inayoruhusiwa hufuata mfululizo wa Fibonacci na kufikia takriban bilioni 53. Kati ya hiyo, mpangilio uliolengwa na watafiti ni ule wa kupokezana: atomu moja imesisimka, inayofuata imetulia, na kuendelea hivyo hadi mwisho wa safu. Walifika hapo kwa kubadilisha leza polepole. Kisha leza ilibadilishwa ghafla, na safu ikaachwa ijiendeshe kwa muda unaopimwa kwa mikrosekunde.

Nishati ya mpangilio wa kupokezana, baada ya badiliko hilo la ghafla, iko katikati ya spektra. Kwa lugha ya fizikia ya joto, hiyo ni sawa na joto lisilo na kikomo. Safu inayosawazika ingetarajiwa kufika upesi kwenye wastani ambapo takriban asilimia 28 ya atomu zimesisimka, bila ya mpangilio wowote wa kupokezana. Badala yake, safu iligeuka kutoka mpangilio mmoja wa kupokezana kwenda kinyume chake, kisha ikarudi, kwa frikwensi ambayo katika safu kubwa haikutegemea sana idadi ya atomu. Hicho ndicho kilichopimwa. Yaliyobaki ni fasiri.

3.0 Hatua Tatu za Hoja

Hoja iliyojengwa juu ya kipimo hicho ina hatua tatu. Ya kwanza inasema kwamba mtetemo ulianzia katika mpangilio wa kupokezana. Ya pili inasema kwamba mtetemo huo ni ushahidi wa kutosawazika. Ya tatu inasema kwamba sababu yake ni kundi dogo la hali tuli za pekee katika spektra. Kila hatua inahitaji kuchunguzwa peke yake.

3.1 Hali ya Mwanzo

Watafiti wenyewe wameripoti kwa uwazi kwamba, katika safu ya atomu 51, mpangilio kamili wa kupokezana ulionekana katika asilimia 0.11 ya marudio, na kwamba kiwango hicho kinakuwa asilimia 0.9 baada ya kusahihisha makosa ya usomaji. Tofauti ya karibu mara nane kati ya tarakimu hizo inastahili maelezo, kwa kuwa inafichua jambo la jumla kuhusu safu za aina hii. Atomu iliyosisimka haionekani moja kwa moja. Hutambuliwa kwa kukosekana kwake katika picha ya mwisho. Usahihi wa kuitambua ulikuwa takriban asilimia 93, na wa kuitambua atomu iliyotulia asilimia 99. Mpangilio kamili una atomu 26 zilizosisimka na 25 zilizotulia. Ukizidisha 0.93 kwa yenyewe mara 26, kisha 0.99 mara 25, unapata takriban 0.12. Kugawanya 0.11 kwa 0.12 kunarudisha asilimia 0.9 iliyoripotiwa.

Hesabu hii inaafikiana na ripoti, na hilo ni jambo la kusifiwa. Hata hivyo, inaonesha pia udhaifu. Kama usahihi wa 0.93 ungekuwa 0.92 au 0.94, jibu la mwisho lingebadilika kwa kati ya robo na theluthi. Katika safu ya atomu 100 kigawanyo kingeshuka hadi chini ya 0.02. Kwa maneno mengine, kadiri safu inavyokua, kauli yoyote kuhusu mpangilio wa safu nzima inazidi kuwa kauli kuhusu ukadiriaji wa makosa ya kifaa.

La muhimu zaidi ni kwamba, hata baada ya kusahihishwa, zaidi ya asilimia 99 ya marudio ya safu ya atomu 51 yalianza yakiwa na angalau dosari moja. Mtetemo uliopimwa, basi, ni wastani wa safu zilizokatika vipande vyenye mpangilio. Jambo hili haliuondoi mtetemo. Kinyume chake, kudumu kwake pamoja na dosari hizo kunadokeza kwamba chanzo chake ni cha kimahali, yaani kila kipande kinaweza kutetema chenyewe. Lakini tarakimu 51 isisomwe kama kwamba mwendo mmoja uliounganika uliendeshwa na atomu zote 51.

3.2 Muda na Kutosawazika

Hatua ya pili ndiyo yenye uzito mkubwa na ndiyo yenye ufa. Mtetemo uliopimwa ulififia, haukudumu. Kufifia huko kunaweza kutokana na kasoro za leza, na kunaweza pia kutokana na safu yenyewe kuelekea kwenye msawazo. Mtetemo wa mizunguko kadhaa hauwezi kupambanua kati ya mfumo ambao hautasawazika kamwe na mfumo ambao utasawazika baadaye. Waswahili husema dalili ya mvua ni mawingu. Lakini anayerekodi mawingu hajarekodi mvua.

Ingekuwa makosa, hata hivyo, kuhitimisha kwamba ushahidi hauna thamani. Thamani yake iko mahali pengine. Chukua hali mbili za mwanzo zenye nishati sawa: mpangilio wa kupokezana, na safu ambayo atomu zote zimetulia. Katika modeli ya kizuizi kamili zote mbili ziko katikati ya spektra. Kama nadharia tete ya usawazikaji inashika kwa kila hali tuli, basi zote mbili zinapaswa kufika kwenye wastani mmoja, na zifike kwa mwendo usiotofautiana sana. Turner na wenzake (2018) walionesha kihesabu kwamba hazifanyi hivyo. Mpangilio wa kupokezana hurudi karibu na ulipoanzia. Safu iliyotulia yote hutulia upesi. Mpangilio wenye atomu moja iliyosisimka katika kila nne nao husawazika. Walionesha pia kwamba mtawanyiko wa nishati katika modeli hiyo una sura ya mifumo ya fujo, si ya mifumo yenye suluhisho kamili.

Ulinganishi huu ndio unaobeba hoja. Muda mrefu peke yake ungeweza kuelezwa kwa kusema kwamba mfumo una mwendo wa pole. Lakini mfumo uleule, wenye nishati ileile, ukiwa wa haraka kwa mwanzo mmoja na wa pole kwa mwanzo mwingine, unalazimisha swali kuhusu hali zenyewe. Ni jambo la kujutia kwamba maandishi mengi ya muhtasari yanautanguliza mtetemo wa 2017 kama uthibitisho na kuuweka ulinganishi wa 2018 kama ufafanuzi. Kimantiki, mpangilio huo umepinduliwa.

3.3 Modeli na Atomu

Hatua ya tatu inatoka kwenye atomu na kuingia kwenye modeli. Turner na wenzake walichunguza modeli ambamo kizuizi ni kamili na majirani wa pili hawahisiani kabisa. Katika mzunguko wa atomu 32, modeli hiyo ina mipangilio inayokaribia milioni 4.9. Makadirio yao ya kihesabu yanazitambua hali tuli 33 tu za pekee, zilizopangana kwa vipindi vinavyokaribia kuwa sawa, ambazo zinaubeba mpangilio wa kupokezana kwa kiasi kikubwa kupita kawaida. Ni vipindi hivyo vya sawasawa vinavyoufanya mfumo urudi ulikotoka, kama kengele nyingi zinazopigwa kwa mapigo yanayoafikiana.

Je, atomu halisi ni modeli hiyo? Nguvu inayopungua kwa kipeo cha sita hugawanywa kwa 64 umbali unapokuwa maradufu. Kwa hiyo megahezi 24 za jirani wa kwanza zinakuwa takriban megahezi 0.38 kwa jirani wa pili. Ukilinganisha na megahezi 2 za leza, uwiano wa kwanza ni 12 kwa 1, na wa pili ni takriban 1 kwa 5. Kizuizi kinaweza kuhesabiwa kuwa kamili bila ya hatari kubwa. Lakini moja ya tano si sifuri. Mvurugo wa kiasi hicho unatosha kuwa mmojawapo wa wanaoufifisha mtetemo.

Suala hili si la pembeni. Lin, Chandran na Motrunich (2020) walichunguza yanayozipata hali za makovu yaliyo kamili zinapoguswa na mvurugo mdogo, na kichwa cha kazi yao chenyewe kinazungumzia usawazikaji wa polepole. Khemani, Laumann na Chandran (2019) waliona katika modeli hiyohiyo dalili za kuwa karibu na mfumo wenye suluhisho kamili. Choi na wenzake (2019) walionesha kwamba marekebisho mengine ya modeli yanaufanya mtetemo ukaribie ukamilifu, kana kwamba safu nzima ni sumaku moja kubwa inayozunguka. Maelezo hayo hayalingani kikamilifu. Mtafiti anayeandika kwamba chanzo cha mtetemo kimejulikana anapaswa kusema ni kipi kati ya hivyo anachokikusudia.

4.0 Kovu Bila Jeraha

Jina "kovu" nalo linastahili kuhakikiwa, kwa sababu sitiari katika sayansi hufanya kazi ya hoja. Heller (1984) alilitumia alipochunguza chembe moja ndani ya uwanja wenye umbo la kiwanja cha michezo. Katika fizikia ya kale, chembe hiyo huenda kwa fujo, lakini kuna njia chache za kujirudia ambazo ni dhaifu: chembe ikiteleza kidogo, huiacha njia. Heller aliona kwamba baadhi ya hali tuli za kwantumu huwa nzito juu ya njia hizo. Njia ni jeraha. Uzito uliobaki ni kovu. Sitiari ilikuwa na pande zote mbili.

Katika safu ya atomu jina lilitangulia. Mwaka 2018 kulikuwa na hali tuli zenye uzito wa pekee, lakini safu ya atomu haina mwenzake wa kale aliye wazi kama mpira unaodunda uwanjani, na kwa hiyo haikuwa na njia ya kuelekezea kidole. Kovu lilitajwa kabla ya jeraha kuonekana. Ho na wenzake (2019) ndio walioijenga njia hiyo kwa kuubana mwendo wa safu ndani ya familia ndogo ya hali zenye mfungamano mdogo, na ndani yake wakaupata mzunguko unaojirudia. Kazi hiyo inaipa sitiari nusu yake iliyokosekana. Hata hivyo, mzunguko huo unategemea familia iliyochaguliwa na mtafiti, ilhali njia za Heller zilikuwepo kabla ya mtafiti kuchagua chochote. Tofauti hii haibatilishi jina, lakini inakataza kulitumia kama kwamba uhusiano na kazi ya 1984 ni wa utambulisho. Ni wa mfanano.

5.0 Funzo la Mifumo Iliyofungika

Tahadhari inayopendekezwa hapa ina historia. Schreiber na wenzake (2015) walipima atomu za potasi katika kimia cha mwanga kilichovurugwa na wakaona kwamba mpangilio wa mwanzo unabaki. Matokeo hayo yalipokelewa kama ushahidi wa awamu mpya ya maada ambayo haisawaziki kamwe kwa sababu ya mvurugo. Tangu wakati huo, hoja za De Roeck na Huveneers (2017) kuhusu maporomoko yanayoanzia kwenye sehemu chache zisizovurugika, na za Šuntajs na wenzake (2020) kuhusu fujo ya kwantumu, zimelifungua tena swali la kama awamu hiyo inadumu katika mfumo usio na kikomo, au ni upole mkubwa unaofanana na kudumu. Vipimo vya 2015 havikuwa na kosa. Kilichozidi ni kitenzi: "haisawaziki" badala ya "haijasawazika".

Lugha ya Kiswahili inaipambanua tofauti hiyo kwa silabi moja. Kiambishi -ja- katika "haijasawazika" kinaacha mlango wazi, "haisawaziki" kinaufunga. Data ya mikrosekunde chache inaruhusu umbo la kwanza tu. Mtahini anayesoma tasnifu katika uwanja huu ana haki ya kuuliza kila mahali ni kiambishi kipi kimetumika na kwa idhini ya kipimo gani.

6.0 Kiigaji na Tatizo la Uthibitishaji

Kuna sababu nyingine inayoifanya tahadhari hii iwe ya lazima. Kichwa cha ripoti ya 2017 kinakiita kifaa hicho kiigaji cha kwantumu. Wazo lake linarudi kwa Feynman (1982): mfumo wa kwantumu usiohesabika kwa kompyuta ya kawaida uigwe na mfumo mwingine wa kwantumu. Lakini matokeo ya mtetemo yaliaminika kwa sehemu kubwa kwa sababu yaliafikiana na hesabu za kompyuta za kawaida, ambazo zinawezekana katika safu ya mstari mmoja kwa kuwa mfungamano wake hukua polepole. Kwa hiyo kifaa kiliaminika pale ambapo hakikuhitajika. Pale kitakapohitajika, mashahidi hao hawatakuwepo.

Kazi zilizofuata zimeukaribia mpaka huo. Scholl na wenzake (2021) waliripoti safu za pande mbili zenye hadi atomu 196, na Ebadi na wenzake (2021) safu zenye hadi atomu 256. Bluvstein na wenzake (2021) waliyachunguza makovu yenyewe katika safu za maumbo mbalimbali na kuonesha kwamba msukumo wa leza unaorudiwa kwa vipindi huurefusha mtetemo. Jaribio hili la mwisho lina uzito wa pekee kwa hoja ya makala haya, kwa sababu linabadilisha swali. Badala ya kusubiri kuona kama mtetemo utakufa, linauliza ni nini kinachoukuza na ni nini kinachouzima. Jibu la swali la namna hiyo linaweza kupatikana ndani ya muda mfupi wa jaribio.

7.0 Hitimisho

Uhakiki huu umebainisha mambo matatu. Kwanza, safu ya atomu 51 haikuanza katika mpangilio kamili isipokuwa katika chini ya asilimia 1 ya marudio, na kauli kuhusu safu nzima zinategemea usahihi wa usomaji kwa namna inayozidi kuwa kali kadiri safu inavyokua. Pili, mtetemo uliopimwa unathibitisha usawazikaji usio wa kawaida kwa hali fulani ya mwanzo; hauthibitishi kukosekana kwa usawazikaji. Tatu, hoja ya makovu inasimama kwa nguvu zaidi juu ya ulinganishi wa hali zenye nishati sawa kuliko juu ya urefu wa mtetemo wowote.

Kwa msingi huo, inapendekezwa kwamba tafiti za safu za atomu ziripoti daima angalau hali mbili za mwanzo zenye nishati inayolingana, zitenganishe kufifia kunakotokana na kifaa na kule kunakotokana na mfumo, na ziweke wazi ni modeli ipi inayosemewa. Jaribio la 2017 halipungukiwi kwa masharti haya. Linabaki kuwa mahali ambapo safu ndefu ya atomu, zinazoonekana moja moja, ilionekana ikikumbuka ilikotoka kwa muda mrefu kuliko ilivyotarajiwa. Kama itakumbuka daima ni swali ambalo bado halijajibiwa, na heshima kwa jaribio hilo ni kuliacha liendelee kuitwa swali.